Eldoret Iliijua AI Kazini Kabla ya Kuitumia Nyumbani

Julai 2025, ripoti ya DataReportal iliiweka Kenya kileleni mwa dunia. Asilimia 42.1 ya watumiaji wa intaneti nchini, wenye umri wa miaka 16 na zaidi, walisema walikuwa wameitumia ChatGPT ndani ya mwezi mmoja uliopita. Falme za Kiarabu na Israel zilifuata kwa tofauti ndogo. Habari hiyo ilienea haraka, na Wakenya, ambao hawahitaji kusukumwa sana ili wajipige kifua, wakaipokea kama medali nyingine ya riadha.

Takwimu yenyewe haina kosa, mradi mtu asiipe kazi isiyoiweza. Ilitokana na maswali ya kampuni ya utafiti ya GWI, ambayo huulizwa na kujibiwa mtandaoni. Anayejibu ni mtu mwenye simu janja, data na nafasi ya kukaa na dodoso. Aliyeijaribu ChatGPT mara moja kwa udadisi anahesabiwa sawa na asiyeweza kumaliza saa bila kuiuliza jambo. Zaidi ya hayo, takwimu inahusu walio mtandaoni tu. Sensa ya 2019 iligundua kwamba asilimia 22.6 ya Wakenya wa umri wa miaka mitatu na zaidi ndio waliokuwa wakitumia intaneti. Idadi hiyo imepanda sana tangu hapo, lakini makadirio ya DataReportal yenyewe mwanzoni mwa 2025 yaliiweka chini kidogo ya nusu ya wananchi. Ukizidisha nusu hiyo kwa asilimia 42 unabaki na takriban Mkenya mmoja kati ya watano. Bado ni wengi mno kwa bidhaa iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ila ni picha tofauti na ile ya taifa zima linalozungumza na mashine.

Eldoret ni mahali pazuri pa kuipima picha hiyo. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 475,716, na Agosti 15, 2024 Rais William Ruto akaukabidhi mji hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Chuo Kikuu cha Moi kiko Kesses na kina kampasi mjini, Chuo Kikuu cha Eldoret kiko Chepkoilel, na katikati kuna vyuo vya ufundi na hospitali ya rufaa ya Moi inayohudumia magharibi yote ya nchi. Ukitoka nje kidogo ya barabara kuu uko katikati ya mahindi na ngano. Safari fupi ya matatu inatosha kumkuta mwanafunzi asiyeandika aya bila AI, mhudumu wa saiba, yaani duka la huduma za intaneti, anayeitumia kwa niaba ya wateja wake, na mkulima ambaye majibu yake humfikia kupitia simu ya mjukuu. Wote watatu ni watumiaji, lakini dodoso la mtandaoni linamwona mmoja tu vizuri.

Mahali pengi duniani historia ya teknolojia hii husimuliwa kuanzia kwa mnunuzi: kampuni inatoa programu, watu wanaijaribu, baadhi wanalipia. Eldoret mambo yalianzia upande wa pili wa kaunta. Mji huu uliijua AI kwanza kama kibarua aliyeona kazi yake ikichukuliwa, na mwanzo huo ndio unaoeleza nani anaijua leo, anaitumia kwa nini, na ni nani anayebaki nje.

Waliopigwa kwanza

Kwa miaka mingi kabla ya ChatGPT, Eldoret ilikuwa na kazi ambayo wazazi wengi hawakuielewa. Kijana amemaliza chuo, hana ajira inayoonekana, lakini analipa kodi ya nyumba, ana laptopu na Wi-Fi, na huamka adhuhuri. Akiulizwa anafanya nini, anajibu kwamba anaandika mtandaoni. Kilichoandikwa kilikuwa insha, ripoti za maabara, majadiliano ya darasani, hata tasnifu za wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Septemba 2019 gazeti la New York Times liliieleza Kenya kuwa miongoni mwa vitovu vya biashara hiyo. Mwaka 2024 filamu ya The Shadow Scholars, iliyoongozwa na Eloise King na kumfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, iliwapa waandishi hao nafasi ya kueleza maisha yao. Eldoret, hasa mitaa inayozunguka kampasi kama Annex, ilikuwa moja ya ngome zake.

Biashara hiyo ilikuwa na ngazi. Juu alikuwa mwenye akaunti iliyojijengea sifa kwenye tovuti ya oda, akaunti ambayo angeweza kuikodisha au kuiuza kwa bei ya shamba dogo. Chini yake walikuwa waandishi waliolipwa mamia ya shilingi kwa ukurasa huku mteja wa mbali akilipa kwa dola. Kazi ilifanywa usiku kwa sababu ya tofauti ya saa, na kipimo cha mwandishi mzuri kilikuwa uwezo wa kusoma maagizo ya mwalimu asiyemjua, kutafuta vyanzo vya kweli, na kuandika kwa sauti ya mtu mwingine kabla ya saa ya mwisho. Haikuwa kazi ya kujivunia mbele ya mchungaji, na Uingereza iliipiga marufuku huduma hiyo kwa sheria ya 2022. Lakini iliwafundisha vijana wengi nidhamu ya maandishi kuliko darasa lolote.

Kisha mteja akapata njia ya kuandikiwa bure kwa sekunde chache. Mei 2023 kampuni ya Chegg ya Marekani, inayouza msaada wa masomo, ilipoteza karibu nusu ya thamani ya hisa zake kwa siku moja baada ya mkuu wake kukiri kwamba ChatGPT ilikuwa ikiwavuta wateja. Wakati huohuo waandishi wa Kenya walikuwa wakilalamika kwamba oda zimekauka na bei ya ukurasa imeshuka. Waliobaki walibadilisha namna ya kazi. Wengine waliitumia AI kuandika rasimu kisha wakaipitia, wakiondoa vyanzo vya kubuni na kuyavunja maandishi ili yasinaswe na vichunguzi. Wengine walihamia kazi ya kuifundisha mashine yenyewe: kupanga majibu kwa ubora, kuandika maswali, kutambua picha.

Kazi hiyo ya pili nayo ilikuwa na historia chungu. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili OpenAI iweze kuchuja majibu ya mashine yake. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, linalomilikiwa na Scale AI, liliifungia Kenya nje ghafla, na vijana waliolitegemea wakaamka na kukuta mlango umefungwa. Hivyo basi, kabla AI haijawa kitu cha kuchezea sebuleni, vijana wa miji kama Eldoret walikuwa wameshindana nayo, wameisahihisha na wameifanyia kibarua. Walijua inapokosea kwa sababu ndio waliolipwa kutafuta makosa yake.

Oda zilipopungua, ujuzi huo haukupotea. Uliingia mitaani.

Darasani

Kundi kubwa zaidi la watumiaji wa moja kwa moja ni wanafunzi, na hapa Eldoret inafuata mkondo wa dunia. Utafiti uliotolewa Septemba 2025 na watafiti wa OpenAI pamoja na mchumi David Deming wa Harvard, uliochambua mazungumzo ya ChatGPT bila kutaja wahusika, ulikuta kwamba karibu nusu ya ujumbe wa watu wazima ulitoka kwa wenye umri wa chini ya miaka 26. Ulikuta pia kwamba zaidi ya asilimia 70 ya matumizi hayakuhusu kazi ya ajira, na kwamba matumizi yalikuwa yakikua kwa kasi kubwa zaidi katika nchi zenye kipato cha chini. Mambo matatu yalichukua sehemu kubwa ya mazungumzo: ushauri wa namna ya kufanya jambo, kutafuta habari, na kuandika. Dhana ya kwamba watu wengi huitumia AI kuandika programu za kompyuta au kutafuta mpenzi haikuthibitika. Vyote viwili vilikuwa sehemu ndogo.

Makampuni yamelielewa hilo. Mwaka 2025 Google ilitangaza kuwapa wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Kenya mwaka mzima wa huduma yake ya kulipia bila malipo. Ni mbinu ya kawaida ya soko: mzoeshe mtu akiwa mwanafunzi, umtoze atakapoajiriwa. Swali ni atatozwa nini iwapo ajira haitakuja, na katika mji uliojaa wenye shahada wanaouza mitumba, swali hilo si la dhihaka.

Vyuo navyo vimeshikwa pabaya. Njia iliyopatikana haraka ilikuwa vichunguzi vinavyodai kutambua maandishi ya AI, kama kile ambacho kampuni ya Turnitin ilikizindua Aprili 2023. Lakini mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vichunguzi kadhaa kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Zaidi ya nusu zilitiwa alama ya kwamba zimeandikwa na mashine. Mwaka 2025 mwandishi Mkenya Marcus Olang' aliligeuza suala hilo upande mwingine: alieleza kwamba Kiingereza kilichonyooka, chenye viunganishi na mizani, ndicho walimu wa Kenya walichokuwa wakikidai katika insha za mtihani, hivyo ni mashine inayofanana na Mkenya. Mwanafunzi wa Kesses aliyefunzwa kwa kiboko cha insha ya KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, anaweza kushtakiwa kwa kuandika vizuri. Mhadhiri anayetaka kujua kama mwanafunzi ameelewa hana budi kumwita amweleze ana kwa ana, na kwa darasa la mamia ya watu hilo linahitaji walimu ambao vyuo vyetu vyenye madeni havina.

Chini ya vyuo kuna matumizi yasiyozungumzwa sana: kazi za nyumbani za mtaala wa umilisi. Mzazi anapokea ujumbe wa mwalimu jioni, mtoto anatakiwa kuwa na michoro ya mimea au maelezo ya utamaduni wa jamii fulani asubuhi. Zamani mzazi alikimbilia saiba kutafuta na kuchapisha. Sasa anauliza simu kwanza, kisha anakwenda saiba kuchapisha. Serikali iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa shule kuanzia 2013, na Chuo Kikuu cha Moi kikawa mmoja wa washirika waliopewa kazi ya kuunganisha tabuleti za mpango huo. Teknolojia ile ilisukumwa kutoka juu kwa mabilioni na mingi ya mitambo ikaishia kabatini. Hii imeingia nyumbani bila tenda, kwenye simu ambayo mama tayari anaitumia kwa M-Pesa na WhatsApp.

Kaunta ya saiba

Aliyebaki bila kuhesabiwa ni yule anayetumia AI kwa mkono wa mwingine. Ili kumwona inafaa kusimama kidogo ndani ya saiba ya kawaida, zile zilizobanana kwenye ghorofa za Barabara ya Uganda na Mtaa wa Oginga Odinga. Kibandiko mlangoni kimeorodhesha huduma: kurudisha ripoti za KRA, HELB, eCitizen, NTSA, picha za pasipoti, CV, laminesheni. Mhudumu ana kompyuta kadhaa na mashine ya kuchapisha, na kwenye kivinjari chake ChatGPT imefunguliwa kando ya eCitizen kama chombo kingine cha kazi.

Chukua wasifu wa marehemu, karatasi inayosomwa katika mazishi mengi Kenya. Familia inaleta maelezo kwenye daftari au ujumbe wa sauti kwa WhatsApp: alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, alifanya kazi reli, alioa, ana watoto saba, aliugua kisukari. Zamani mhudumu aliyachapa jinsi yalivyo. Sasa anayabandika kwenye AI na kuomba wasifu wa ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Unatoka umepangika, na marehemu ameongezewa sifa ambazo hakuna aliyezitaja: alipenda kuwalea vijana, alikuwa nguzo ya kanisa, aliacha urithi wa uadilifu. Familia ikiwa makini inafuta. Ikiwa na haraka, na familia yenye msiba huwa na haraka, inachapisha nakala mia mbili. Kaburini watu wanasikiliza sifa za mtu ambaye hawakumfahamu kabisa.

Mambo hayohayo yanatokea kwenye barua za kuomba kazi, mipango ya biashara ya kuombea mkopo wa chama, malalamiko kwa chifu, katiba ya kikundi cha wanawake, na mabango ya harambee ambayo wachora michoro wa mjini walikuwa wakiyatengeneza kwa pesa. Mteja halipii AI. Analipia saiba, na mara nyingi hajui kwamba mashine imehusika. Kwa hesabu ya OpenAI hapo kuna akaunti moja. Kwa hesabu ya mji kuna nyumba nyingi ambazo karatasi zao muhimu zimepita kwenye mashine hiyo.

Tumewahi kuona mpango wa namna hii. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ilienea kwa sababu ya wakala aliyekaa dukani akimwelekeza mama hatua kwa hatua. Lakini wakala wa M-Pesa alilipwa kamisheni, alifunzwa, alisajiliwa, na kosa likitokea kulikuwa na namba ya kupiga. Mhudumu wa saiba hana lolote kati ya hayo. Anabandika namba ya kitambulisho ya mteja, PIN ya KRA, wakati mwingine matokeo ya maabara, kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo, bila ya mteja kujua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya Kamishna wa kuisimamia. Sheria hiyo inamhusu kila anayechakata data za watu. Lakini kaunta ya mtaani, ambako data nyingi ya mwananchi wa kawaida inapita, imebaki kwenye kivuli.

Shambani na lugha

Uasin Gishu, kaunti ambamo Eldoret imo, huishi kwa mahindi, na hapa ndipo ahadi ya AI inapokuwa kubwa na hatari yake kuwa ghali. Maafisa wa kilimo wa nyanjani ni wachache. Mwenye duka la pembejeo anatoa ushauri, lakini pia anauza dawa. Programu inayojibu swali saa nne usiku bila kuuza chochote ni jambo la kuvutia, na shirika la Digital Green limeileta Farmer.Chat nchini Kenya kwa madhumuni hayohayo, ikijibu hata kwa Kiswahili kutokana na maarifa yaliyochujwa na wataalamu.

Wakulima wengi, hata hivyo, hawaulizi programu ya kilimo. Wanauliza kile kilicho kwenye simu: kiduara cha Meta AI ndani ya WhatsApp, au ChatGPT ya kijana wa nyumbani. Chombo cha jumla kina udhaifu wake. Kikiulizwa kuhusu kupanda mahindi Kenya, jibu la kawaida linazungumzia misimu miwili, mvua ndefu na mvua fupi. Katika nyanda za Uasin Gishu msimu wa mahindi ni mmoja: yanapandwa Machi au Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba, na mbegu za nyanda za juu kama H614 hukaa shambani zaidi ya nusu mwaka. Anayefuata kalenda ya mvua fupi atakuwa amepanda wakati jirani anavuna. Vivyo hivyo kwa viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017: jibu laweza kutaja dawa isiyosajiliwa Kenya, au kipimo cha eka kwa hesabu ya hekta. Mkulima mzoefu anacheka na kuendelea. Kijana aliyerithi shamba juzi hana kipimo cha kucheka.

Suala la imani nalo lina pande mbili. Mwaka 2024 ilifichuliwa kwamba mbolea ghushi ilikuwa imeuzwa kwa wakulima chini ya mpango wa ruzuku wa serikali, kupitia maghala ya bodi ya nafaka, NCPB. Mkulima aliyebeba gunia la aina hiyo kutoka ghala rasmi hana sababu ya kuiona simu kuwa mwongo zaidi ya serikali. Watu wanapoacha kuamini mlango rasmi, hawatafuti mlango wa kweli zaidi. Wanaingia ulio karibu.

Kisha kuna lugha. Kiswahili cha programu hizi kimeimarika: Google iliiongeza lugha hii kwenye chombo chake, kilichoitwa Bard wakati huo, Julai 2023, na shirika la Jacaranda Health likatoa mwaka huohuo UlizaLlama, modeli ya Kiswahili inayosaidia kujibu maswali ya akina mama wajawazito kwa SMS. Hiyo ya mwisho inastahili kuzingatiwa kuliko inavyozingatiwa, kwa kuwa inamfikia mwenye kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti. Lakini Kiswahili cha mashine ni cha kitabu, tena kitabu cha Pwani au Tanzania, na mzee wa sehemu za kaunti kama Moiben au Turbo anawaza kwa Kikalenjin. Kwa Kikalenjin, programu zilizoenea zilikuwa karibu bubu. Hatua ya maana ilitoka Chuo Kikuu cha Maseno, ambako timu ya Lilian Wanzare ilikusanya sauti za Kikuyu, Dholuo, Kikalenjin, Kimaasai na Kisomali chini ya mradi wa African Next Voices, uliofadhiliwa na Wakfu wa Gates, na data ikatolewa mwaka 2025. Kazi ya aina hiyo haitangazwi kama takwimu ya asilimia 42, lakini ndiyo itakayoamua kama bibi ataweza kuuliza mwenyewe au ataendelea kumtegemea mjukuu.

Nani analipa

Mwaka 2025 toleo la kulipia la ChatGPT lililozoeleka lilikuwa dola 20 kwa mwezi. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha mwaka huo hiyo ilikuwa takriban shilingi 2,580, zaidi ya ujira wa siku kadhaa wa kibarua wa shambani, na karibu kodi ya chumba kimoja kwenye mitaa kama Langas. Kampuni inadai malipo kwa kadi, na ingawa M-Pesa GlobalPay imewapa Wakenya kadi ya Visa ya simu tangu 2022, wanaolipa ni wale ambao chombo kinawarudishia pesa: waandishi waliobaki, waunda programu, wenye biashara za mtandaoni. Wengine huchanga, watu kadhaa kwa akaunti moja, kama ilivyokuwa kwa akaunti za kuandikia insha. Wengi hutumia toleo la bure mpaka likome, kisha wanahamia Gemini, kisha Meta AI, kisha wanarudi. Uaminifu kwa chapa haupo. Uaminifu ni kwa kile ambacho bado hakijadai pesa.

Hii ina maana kwamba soko la Eldoret linategemea ukarimu wa makampuni yanayopoteza pesa kwa kila swali la bure. Na milango inaweza kufungwa. WhatsApp ilitangaza mwaka 2025 kuwazuia watoa huduma wa AI za jumla kutumia mfumo wake wa biashara kuanzia Januari 2026, jambo lililoiondoa ChatGPT kwenye programu ambayo Wakenya wengi huishi ndani yake na kuiachia Meta uwanja. Walioiona Remotasks ikikunja jamvi wanajua kwamba huduma ya bure nayo haina notisi ya kuhama.

Raia na hofu yake

Picha haitakamilika bila siasa. Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, ambayo yalifika hata Eldoret, nyumbani kwa Rais, vijana walitengeneza vyombo vya AI vya kuuliza maswali kuhusu mswada huo na vingine vya kufuatilia kesi za ufisadi za wanasiasa. Kwa mara ya kwanza hati ndefu ya kisheria ikawa kitu ambacho mwendesha bodaboda angeweza kukihoji. Hapo AI ilifanya kazi ambayo bunge na vyombo vya habari vilipaswa kuifanya, na huenda hakuna tangazo la kibiashara lililowavuta watumiaji wapya kama wiki zile.

Mwisho wa mwaka huohuo upande wa pili ukajitokeza. Vijana kadhaa walitekwa baada ya kusambaza picha za kumkejeli Rais, baadhi zikiwa zimetengenezwa kwa AI, na wengi wao wakaachiliwa Januari 2025. Chombo kilichomwezesha raia kusoma mswada ndicho kilichomwingiza matatani kwa mchoro. Mkakati wa Taifa wa AI wa 2025 hadi 2030, uliozinduliwa Machi 2025, unazungumza kwa kirefu kuhusu miundombinu, data na uvumbuzi. Raia wa kawaida, mwenye kuogopa kuuliza kwa sababu hajui nani anasoma, hajapata sura yake humo.

Cha kupima kuanzia sasa

Ukiweka haya yote pamoja, mwelekeo unaonekana. Kujaribu kumeshakwisha kwa kizazi cha mjini. Idadi ya waliowahi kuigusa AI haitatuambia mengi tena. Tofauti itakayopanuka ni kati ya wanaoweza kulikagua jibu na wasioweza. Mwandishi wa zamani wa insha anajua kwamba mashine hubuni vitabu. Mkulima mkongwe anajua kwamba hakuna msimu wa mvua fupi katika nyanda za Uasin Gishu. Mfiwa, mzazi mwenye haraka na kijana aliyerithi eka tano hawana kinga hiyo, na hao ndio wanaokuja sasa kwa wingi, wengi wao kupitia mkono wa mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo mafunzo yanayotolewa na makampuni na wizara, ya namna ya kuiuliza mashine, yanafundisha kitu ambacho watu tayari wanakijua. Kinachokosekana ni ukaguzi, na mahali pa kuuweka panajulikana: saiba na duka la pembejeo. Kaunti ya Uasin Gishu inaweza kuwafunza wahudumu wa saiba mambo machache ya lazima, kama vile kutobandika kitambulisho cha mtu bila ruhusa yake na kumsomea mteja kilichoongezwa kabla ya kuchapisha. Inaweza pia kuweka kalenda na dawa zilizoidhinishwa za eneo hili mahali ambapo mwenye duka la pembejeo atazilinganisha na jibu la simu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tabuleti zile za shule.

Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo. Wamekaa katika mitaa ya Annex na Kapsoya, wana laptopu zilizochakaa na miaka ya kusaka vyanzo vya uongo katika maandishi ya wengine. Kwa muda mrefu soko la ng'ambo liliwalipa kuficha nani ameandika nini; mji wao una haja ya kuwalipa kwa kinyume chake.